Siku ya Kufika Msiikatie Tiketi

Mgeni akifika kwetu Tanga, hata kama ametokea Muheza tu, hupewa maji kwanza. Huulizwa habari za njiani, habari za nyumbani, hali ya mgonjwa aliyemwacha. Huonyeshwa bafu, hutandikiwa mkeka. Sijawahi kuona mwenyeji akimpokea mtu mlangoni na kumwambia, "Tua begi hapo, twende tukaangue nazi."

Sisi hao hao tukichangishana kwenda kwenye bustani za michezo za Disney kule Orlando, Marekani, tunajitendea jambo ambalo tusingethubutu kumtendea mgeni. Ndege inatua saa saba mchana, saa kumi tumeshasimama kwenye foleni ya bustani, miguu imevimba, nusu ya kundi haijala, na tiketi ya siku hiyo imelipiwa zaidi ya dola 100 kwa kichwa. Nimeshafanya hivyo na sitarudia. Mtu akiniuliza ushauri wa safari ya marafiki, namwambia neno hili kabla ya mengine yote: siku ya kufika msiikatie tiketi.

Mwaka 2019 tulikwenda wanne, tuliolala bweni moja Tanga na sasa tumetapakaa. Mimi niko Columbus, mmoja Houston, mmoja Minneapolis, mmoja Toronto. Wakati ule Disney walikuwa na utaratibu wa kukamata nafasi kwenye michezo bila malipo, na aliyelala kwenye hoteli zao aliruhusiwa kuzikamata siku 60 kabla. Tulikaa macho kwenye simu mpaka tukapata nafasi tatu za Magic Kingdom, moja ya bustani zao, zote za alasiri ya siku ya kufika. Siku yenyewe ilipofika, ndege ya mwenzetu wa Houston ikachelewa kwa saa nne kwa sababu ya radi. Sisi watatu tukakaa hotelini tukitazama saa, nafasi zinapita moja baada ya nyingine, na kila mmoja anajikaza asiseme kitu. Mwenzetu alipofika hatukumpa hata maji. Tulimpa ratiba. "Shoga, fanya haraka, basi linaondoka."

Tuliingia getini saa kumi na mbili jioni. Ilipofika saa mbili tulikuwa tunagombana mbele ya ngome ya Cinderella, watu wanapiga picha pembeni yetu, tukibishana nani alaumiwe kwa radi. Tulilala tumenuniana. Ugomvi ule ulikula siku mbili kati ya nne tulizokuwa nazo, na mpaka leo nikiona picha za safari ile najua ni zipi zilipigwa kabla hatujapatana.

Nikitazama nyuma, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mkorofi. Tulikuwa tumechoka, tena kila mtu kwa namna yake. Mmoja aliamka saa tisa usiku kuwahi ndege, mwingine aliacha mtoto na homa, mwingine alikuwa ametoka kazini zamu ya usiku moja kwa moja kwenda uwanjani. Watu wa namna hiyo kabla ya kupanda mchezo wowote wanahitaji kukaa chini na kuulizwa habari. Orlando kwenyewe hakusaidii. Eneo la Disney pale lina ukubwa wa kama kilomita za mraba 100, bustani kubwa nne, na kutoka hotelini kwenda bustanini ni safari nyingine kamili. Ukienda Magic Kingdom kwa gari unashushwa ng'ambo ya ziwa, kisha unapanda treni ya juu au kivuko ndipo uone geti. Na lile basi lao la bure la kutoka uwanja wa ndege, lililokuwa likibeba watu pamoja na mizigo yao, lilisimamishwa mwaka 2022. Sasa ukishuka unatafuta usafiri wako na kulipa.

Safari ya pili, Juni 2024, tuliipanga kwa upatu. Kijumbe alikuwa wa Minneapolis, kwa kuwa hana huruma na anayechelewesha hela. Tukaongezeka wa tano, mwenzetu aliyebaki Dar, ambaye hatukuwahi kukaa naye sote pamoja tangu tulipomaliza kidato cha nne. Hapo nikasema wazi: siku ya kwanza hakuna bustani. Mtu ametoka Dar, amebadilisha ndege mara mbili, na mwili wake uko saa saba mbele ya wetu. Saa kumi jioni ya Orlando, kwake ni saa tano usiku.

Hoteli tuliichagua kwa ajili ya majina. Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina sehemu mbili, Jambo House na Kidani Village. Mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Bwawa la kuogelea la Jambo House limepewa jina la Uzima, la Kidani limeitwa Samawati. Mswahili akipita pale ni kama ameingia nyumba ya jamaa aliyehamia mbali na kuoa ugenini: maneno ni yetu, lafudhi imebadilika. Najua wapo wanaoudhika kuona lugha yetu imegeuzwa vibao vya hoteli. Mimi nilifurahi, tena sana. Samawati ni neno zuri, na wanangu waliozaliwa Ohio wanajua "bluu" tu. Niliwapigia picha kibao kile nikawatumia siku hiyo hiyo.

Siku moja tukipita mlangoni sote, palikuwa na kijana amevaa kibandiko cha jina, chini yake nchi aliyotoka, Botswana. Akatuambia, "Jambo!" Nasi bila kupanga tukajibu kwa pamoja kama tuko darasani, "Sijambo!" Akacheka kwa furaha, akataka tumfundishe na la pili.

Siku ya kufika nilitangulia mimi, saa nne asubuhi. Vyumba pale hutolewa kuanzia saa tisa alasiri, lakini ukiwahi wanapokea mizigo yako, na bwawa na mikahawa unaweza kuvitumia tangu dakika hiyo. Nikakaa ukumbini, chini ya paa refu la nyasi na taa kubwa zilizoundwa kwa ngao, nikaagiza maji ya barafu na glasi tano. Wakaanza kuingia mmoja mmoja. Kila aliyefika alikuta mtu wa kumpokea begi, kiti, na glasi yake. Wa Toronto alivua viatu akaweka miguu juu ya sanduku lake, akasimulia ya mama yake kwa saa nzima. Mambo yale hakuwahi kuyaandika kwenye grupu letu la WhatsApp, na nadhani asingeyaandika kamwe.

Wa Houston alichelewa tena. Radi zile zile za Juni, zaidi ya saa mbili. Alituma ujumbe wa kuomba radhi akiwa bado uwanjani, na tukamjibu kwa picha ya glasi yake imejaa inamngoja. Hatukuwa na kitu cha kukosa.

Wa Dar aliingia saa kumi jioni, khanga begani, macho mekundu kwa usingizi. Hatukutaja ratiba. Tukamkumbatia mpaka watu wakageuka kututazama, tukampeleka chumbani akaoge. Tulichukua vyumba viwili, maana vya kawaida mwisho ni watu wanne. Kimoja tu kati ya hivyo kilitazama mbuga waliyoitengeneza nyuma ya hoteli. Kingine kilikuwa upande wa bei nafuu. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, kwa sababu wote watano mtakuwa mnakaa kwenye kile cha mbuga.

Alipotoka bafuni akafungua mlango wa roshani, na twiga alikuwa pale. Karibu kabisa, chini yetu, kichwa kikiwa usawa wa ukuta wa roshani. Alikuwa anavuta majani kwa ulimi mrefu mweusi, na kila baada ya muda ngozi ya bega inatetemeka kufukuza nzi. Nyuma yake wamesimama ng'ombe wa Ankole, wale wanaofugwa Uganda, Rwanda na huku kwetu Karagwe, pembe zimefunguka kama mikono ya mtu anayeomba dua.

Mwenzetu akasimama, nywele zinachuruzika maji. Akasema taratibu, "Jamani, mimi twiga ninayemjua ni wa kwenye mfuko wa saruji na mkia wa ndege."

Ana miaka 42. Amezaliwa na kukulia katika nchi ambayo twiga ndiye mnyama wake wa taifa, amesomesha watoto watatu pale Dar, na katika maisha yake yote hela ya kwenda mbugani haijawahi kupata nafasi kwenye bajeti ya nyumba. Sikujua. Nimemfahamu zaidi ya miaka 25 na sikujua. Alikaa pale roshani karibu saa nzima, akamuuliza wa Minneapolis kama twiga analala amesimama, akampigia mwanawe wa mwisho, ambaye ilibidi aamshwe, amwonyeshe kwenye simu. Laiti tungekuwa na tiketi ya jioni ile tungemshika mkono na kumvuta kutoka kwenye mlango ule. Nikilifikiria hilo moyo unaniuma, ingawa halikutokea.

Mwenzetu wa Toronto ndiye aliyenipinga wakati wa kupanga, na hoja yake aliieleza vizuri: tumelipa ndege, tumelipa hoteli, kila saa tunayokaa nje ya bustani ni hela inamwagika. Kwa mtu anayefanya zamu mbili ili apate likizo ya siku tano, hoja hiyo ina uzito. Lakini tuzitazame tiketi zenyewe. Tangu 2018 bei inafuata tarehe, na tiketi ya siku nyingi kila siku yake hushuka bei kadiri unavyoongeza siku. Mkitaka siku ya ziada, iongezeni mwishoni, siku ambayo mtaamka mmelala vizuri na kuingia asubuhi. Mgeni wa hoteli zao huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na nusu saa ile foleni ni fupi. Siku ya kufika hamuipati. Mnanunua kipande cha siku kwa bei ya siku nzima, na mnakilipia tena kwa uchovu wa kesho yake.

Asiyeweza kutulia yako mengi ya kufanya bila kukata tiketi. Disney Springs, mtaa wao wa maduka na mikahawa, hauna kiingilio na basi la hoteli linawafikisha bure. Mwaka 2025 walianza pia kuwapa wageni wa hoteli zao kiingilio cha bure cha bustani ya maji siku ya kufika. Hilo nimelipenda, kwa kuwa mkichelewa hamjapoteza chochote. Na kama mnatoka Tampa, mwendo wa saa moja na ushee, mko gari moja tangu asubuhi na mmeshaulizana habari zote njiani, basi ninyi mmeshafika. Nendeni mkacheze.

Jioni tulikula Boma, ambako unajipakulia mwenyewe. Nilirudia supu mara tatu. Wa Houston, ambaye hagusi pombe hata iliyopikiwa, aliuliza kabla ya kuchukua kile kitamutamu chao maarufu chenye milia ya pundamilia. Akaambiwa ndani yake kuna Amarula, akashukuru, akachukua matunda. Ulizeni, wanajibu vizuri. Pale pale mezani kila mtu akafungua simu yake kuhakiki tiketi za kuanzia kesho, na ikaonekana ya wa Minneapolis haijaunganishwa na za wenzake. Ilichukua dakika kumi kurekebisha, tumeketi, tunakula. Getini asubuhi, watu wamejipanga nyuma yetu, ingekuwa habari nyingine. Tukaulizana nani anaogopa kupanda juu, nani magoti yanamsumbua, nani anataka kuanza na Harambe, kijiji cha kubuni ndani ya bustani yao ya Animal Kingdom, ambacho wabunifu wake walikichukulia sura kutoka Lamu. Magharibi ikaingia karibu saa mbili na nusu, na wa Dar akatoka nje mara mbili kuhakikisha kwamba kweli jua bado lipo.

Kufika saa tatu na nusu alikuwa amelala na viatu. Tukamvua, tukazima taa.

Saa tisa usiku nikasikia mlango wa roshani unafunguliwa. Kwake ilikuwa saa nne asubuhi na usingizi umekwisha. Nikamkuta amekaa sakafuni, amejifunika khanga, mfuko wa ubuyu wa Zanzibar aliotuletea uko mapajani. Nikakaa. Baadaye wa Toronto naye akaja na blanketi. Huko chini kitu kilikuwa kinatembea gizani, pundamilia au nyumbu, tulisikia tu kwato na majani yakikatwa. Tukala ubuyu, mbegu tukitemea kwenye glasi ya hoteli, na wa Toronto akaanza tena habari za mama yake, alipoishia mchana.