Kiingilio Bure, Lakini Wapigaji Walipwe

Tamasha lenyewe lilikuwa zuri mno. Jumamosi watu wa mtaa wetu huku Marekani walijaa bustanini, mikeka ikatandikwa kwenye majani, bendi ya Wahawaii ya ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, ikapiga mpaka jua likazama, na hakuna aliyedaiwa hata senti. Kilichonikera ni kumsikia mmoja wa waandaaji akijisifu kwamba bendi nayo haikulipwa, kwa sababu "wamepata nafasi ya kujitangaza."

Kujitangaza kwa nani? Mwenye mahema alilipwa. Mwenye jenereta alilipwa. Mwenye vyoo vya kukodi alilipwa kabla hajavishusha garini. Wale waliotufanya tutoke majumbani ndio walioondoka mikono mitupu, na spika zao wamezibeba wenyewe.

Tuelewane: tamasha la bure nalitaka, tena sana. Mwenye watoto wanne hawezi kununua tiketi sita. Isitoshe, ukulele ni chombo cha wavuja jasho. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu, Hawaii, na Wareno wa Madeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwemo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na kutokana na kigitaa kidogo cha kwao wakaanza kuunda ukulele. Mfalme Kalākaua akaipenda, akaipigia debe, ikaingia ikulu na kwenye hula, ngoma ya Wahawaii. Sisi wa Unguja, tunaosimuliwa taarabu ilivyolelewa ikulu kwa Sultani Barghash, hilo halitushangazi.

Ila huko huko Hawaii wameonyesha kwamba bure na malipo vinakaa pamoja. Royal Hawaiian Band ilianzishwa mwaka 1836, enzi za mfalme Kamehameha III. Ufalme ukapinduliwa 1893, visiwa vikatwaliwa na Marekani 1898, bendi haikufa. Mpaka leo inawapigia watu wa Honolulu bila kiingilio, na wanamuziki wake ni waajiriwa wa jiji, wanapokea mshahara. Msikilizaji hatoi kitu mlangoni kwa sababu jiji zima limeshatoa.

Haya, kamati ya mtaa haina hazina ya jiji. Nakubali. Lakini ya mahema ilipatikana.

Baada ya onyesho, mama mmoja wa bendi, shada la maua bado shingoni, alichuchumaa mbele ya mtoto wa jirani yangu. Akamshika kidole, akakiweka kwenye uzi wa chini kabisa wa ukulele, penye chuma cha tatu cha shingo yake, akamwambia apige. Sauti ikatoka safi. Mtoto akapiga tena na tena, mama yule hakuonyesha kuchoka, na wenzake walikuwa wanapakia vyombo garini. Hiyo ni kazi. Ni ujuzi wa miaka, na tulichukua tu tukaenda zetu.

Kamati inakutana mwezi ujao. Nitakwenda kudai fungu la wanamuziki liandikwe kwanza, mahema yafuate. Na pesa zikipungua, tukae juani.