Suti Inanishinda Uzoefu

Mimi sina ugomvi na mtu, ila nataka kumjua aliyeanza kuligawa hili neno "jiamini". Tangu Jumapili nilipopata ujumbe kwamba nimeitwa intaviu ya ukarani wa stoo, kila ninayekutana naye ananipa jiamini moja ya bure. Mwenye duka, jiamini. Dereva wa tuktuk, jiamini. Wazee wa barazani nao wananimiminia kahawa chungu huku wakisema, "Wewe ingia, mkazie mtu macho, jiamini!" Aliyesema hayo, mara ya mwisho kuomba kazi Moi alikuwa Ikulu, na bandarini walimchukua kwa upana wa kifua.

Haya, nijiamini. Lakini nijiamini nimevaa nini?

Nikavuka feri, nikadandia matatu hadi Kongowea kusaka suti ya mtumba. Nikapata moja nyeusi, sufu tupu, shilingi 900. Muuzaji akaniapia kwamba ile ni suti ya meneja. Sikumwamini, mpaka nilipofika nyumbani nikatia mkono mfuko wa ndani, nikatoa tiketi ya treni ya Ujerumani. Jamani, hii suti imeshakwenda kazini! Imekaa mikutanoni, imepandishwa cheo, pengine imestaafu kabisa. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka mitatu. Mimi nina mmoja na nusu, tena nusu yenyewe nilikuwa namshikia mtu. Kwa haki ya Mungu, ningeitundika suti kwenye kiti cha mle ndani waihoji yenyewe, mimi nikae nje ningoje majibu.

Taabu ni kwamba ilishonewa theluji. Na hapa Mombasa mwezi wa pili hata shati la mikono mifupi mtu analivaa kwa kuogopa polisi tu. Suruali nikampelekea fundi wa Mwembe Tayari aipunguze, akaniambia kesho. Kesho ya fundi mnaijua. Jumatano jioni, na intaviu ni Alhamisi, nikamkuta amepunguza mguu mmoja, wa pili unangoja umeme urudi.

Na hapo sijagusa vyeti. Tangazo lilidai cheti cha tabia njema, kwa hiyo nilikwenda zamani nikachovya vidole vyote kumi kwenye wino, nikalipa shilingi 1,050, polisi wathibitishe kwamba mimi si mwizi. Baada ya kulipa ndipo fikira za wizi zikanijia. Wakataka na barua ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu kwamba sidaiwi, ilhali chuo kikuu mimi nimekiona nikiwa dirishani mwa matatu. Mpwa wangu, ambaye amesoma, akaniambia sheria ya ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri asikudai makaratasi hayo mpaka awe amekusudia kukuandika kazi. Nikamwambia, vyema mwanangu, tangulia wewe ukawasomee hiyo sheria, mimi nitakuja nyuma nikijiamini.

Huyo mpwa ndiye aliyenifundisha kujibu. Ati ukiulizwa ulivyotatua tatizo, panda ngazi nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ukafanya nini, matokeo yakawa nini. Na ukiulizwa udhaifu, utaje udhaifu unaofanana na sifa. Usiku ule nikaomba mke wangu awe jopo. Mwenyekiti wa jopo akakaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Tueleze wewe ni nani."

"Mimi ni mtu mchapakazi, mwenye kushika wakati..."

Nazi ikasimama. "Baba Aisha. Wakati upi?"

"Wewe sasa ni jopo, mama Aisha, hunijui."

"Haya. Tatizo ulilotatua."

Nikapanda ngazi zangu vizuri: hali, maji ya mfereji yalikatika siku nne, jukumu, mimi ni baba wa nyumba, hatua, nikatafuta mkokoteni. Kabla sijafika ngazi ya nne, jopo likaifika lenyewe: "Matokeo, mitungi mitano ya maji ya chumvi, na chai hatukunywa."

Nikameza. Akauliza udhaifu wangu mmoja ni upi. Nikasema kwa sauti ya ofisini, "Mimi huipenda kazi mpaka nasahau kupumzika." Mke wangu akacheka hadi machicha yakamwagika. Na mama mkwe, ambaye tangu magharibi yuko chumbani anajidai amelala, akauliza, "Kwani wanataka mmoja tu?"

Asubuhi saa kumi na mbili niko Likoni, faili kwapani, mguu mmoja wa suruali umeshikwa na pini. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure, na kweli watu walikuja kama wa bure. Nikaanza kujisomesha kimoyomoyo. Injini ikanguruma, nami nikapandisha, ikanguruma tena, nikapandisha zaidi, bila kujua nikawa napaza: "Nimekuja kuleta mabadiliko! Niko tayari kutumika!" Mama mmoja mwenye beseni la samaki akanitilia shilingi 20 kwenye faili. "Amina, mtumishi." Mimi! Mtoto wa muadhini! Nikataka kumrudishia, lakini mlango wa feri ulishateremka na umati ukanibeba kama kifurushi.

Intaviu yenyewe ilikwisha kwa dakika tisa. Suti ilishaanza kutoa harufu ya kondoo wake. Sikuulizwa mimi ni nani, wala udhaifu, wala ngazi hata moja. Waliuliza naishi wapi. Nikasema Likoni. Wakatazamana. Wakauliza kazi ikianza saa kumi na mbili na nusu nitafikaje. Nikasema kwa feri. Wakatazamana tena, wakaandika kitu kirefu kuliko nilichosema. Vyeti hawakuvifungua. Mkubwa wao akafunga kalamu, akasema, "Tutakupigia."

Jioni narudi, koti begani, shati limenigandia mgongoni, ile ishirini nimeshailia viazi vya karai. Yule mama wa samaki huyo, beseni tupu, kasimama pembeni yangu.

"Mtumishi, mbona kimya? Leo jioni huhubiri?"

"Sauti imekauka, mama."

"Basi nirudishie ishirini yangu."

Nikamkazia macho, nikajiamini.

"Tutakupigia, mama."