Kilainishi cha joto: joto lenyewe linatoka wapi?

Dondosha glisirini safi kwenye kiganja kikavu: utasikia utelezi tu. Lowesha kiganja hicho hicho, dondosha tena, usugue. Mara unahisi vuguvugu. Glisirini, na zaidi kimiminika kiitwacho propilini glaikoli, zina uchu wa maji, na zinapoyapata hutoa joto. Vilainishi vingi vya tendo la ndoa vinavyoitwa vya joto hutegemea jambo hilo tu.

Wanaovitetea nawaelewa. Jeli baridi ikigusa sehemu za siri, misuli hujikaza yenyewe. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi au anayenyonyesha, ambaye ukavu umeshamfanya aogope maumivu, vuguvugu kidogo huulegeza mwili. Raha nayo ni sehemu ya afya, wala sioni kwa nini tuione haya.

Lakini joto hilo hulipiwa kwa maji ya mwili. Ili kimiminika kipashe, lazima kiwe karibu hakina maji kabisa, na kikishafika ndani huyavuta kutoka kwenye utando laini wa uke au wa njia ya haja kubwa. Uwezo huo wa kuvuta hupimwa kwa osmolaliti. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kilainishi kisizidi miliosmoli 380 kwa kilo, likavumilia kwa muda hadi 1200, maana vingi vilivyokuwa sokoni vilikuwa juu mno. Kilainishi cha glaikoli tupu hukipita hata kikomo hicho cha 1200 mara kadhaa. Katika majaribio ya maabara, seli za utando zilizowekewa vilainishi vyenye osmolaliti ya juu namna hiyo zilinywea na kubanduka. Na utando huo ndio ukuta wa kwanza dhidi ya VVU na magonjwa mengine ya zinaa.

Basi kwa nini mtengenezaji asiongeze maji? Kwa sababu joto litatokea kwenye pipa la kuchanganyia, kiwandani. Likishapoa huko, limekwisha. Anayefungua chupa hapati kitu. Kwa njia hii, kinacholeta joto ndicho hicho hicho kinachokausha, na sijaona ufundi wa kuvitenganisha.

Njia ya pili ni kuihadaa neva. Kapsaisini ya pilipili hufungua kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, kinachohisi joto, ambacho kwa kawaida hufunguka kwenye joto la takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kemikali iitwayo vanilili butili etha hufanya kazi kama hiyo kwa upole zaidi. Hapa hakuna kinachopashwa, ni hisia tu, hivyo dozi ndogo sana inaweza kukaa ndani ya jeli ya maji yenye osmolaliti ya chini na tindikali inayolingana na ya uke, yaani pH (kipimo cha tindikali) karibu 4.5.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba miili haifanani. Kinachomsisimua mmoja humuunguza mwenzake, na utando wa ndani hauna gamba gumu kama la ngozi ya mkono. Baya zaidi, mwasho ni kengele ya mwili. Bidhaa iliyoahidi joto humfanya mtu avumilie akidhani ndiyo kazi yake, kumbe anachubuka. Ningetaka chupa iseme waziwazi: ikichoma, osha, acha. Na anayefikiria kujichanganyia pilipili, tangawizi au mdalasini nyumbani namsihi asithubutu, tena akitumia mafuta atadhoofisha na kondomu ya mpira.

Ningekuwa mimi ninayetengeneza, ningechagua njia ya pili, kwa uke tu, maana tindikali hiyo ni ya uke, baada ya kuijaribu kwa watu wengi. Kwa anayetaka vuguvugu leo, achukue kilainishi cha kawaida chenye osmolaliti ya chini, au cha silikoni, ambacho hakinyonyi maji wala hakiharibu kondomu ya mpira. Aitumbukize chupa iliyofungwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha apime tone moja upande wa ndani wa kiwiko cha mkono kabla ya kukitumia.