Kaloleni haikuwa kambi ya vibarua
Nimesoma makala inayodai eti Kaloleni, mtaa wetu wa Nairobi, ilijengwa iwe kambi tu ya kulaza vibarua wa mkoloni! Hapo mwandishi kateleza. Mimi nimekulia mtaa huo miaka ya 1960. Nyumba zetu, zilizojengwa miaka ya 1940 kwa jasho la mateka wa vita Waitaliano, zilikuwa za mawe na paa za vigae, zikizunguka viwanja vya nyasi, na zilikusudiwa mtu aishi na mke na watoto, si kama vile vyumba vya makapera kwingineko Nairobi. Ubaguzi ulikuwepo, sikatai: Mwafrika alisukumwa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, Mzungu akajitengea mtaa wa kifahari wa Muthaiga. Lakini ule uwanja! Mama akitoka tu mlangoni alituona sote, na ukivunja dirisha kwa mpira wa makaratasi, mama yeyote alikuchapa kabla wako hajapata habari. Wazee walitusimulia jinsi wanasiasa kina Tom Mboya walivyounguruma pale kwenye ukumbi wa mtaa. Kilichotuharibia mtaa ni vibanda vya mabati vilivyochomekwa baadaye kila upenyo, hadi penye nyasi. Nani mwingine hapa alicheza pale kabla ya mabati?