Mahindi ya kulisha mtambo waachieni Wajerumani, Tanga tuna mkonge

Huku kaskazini mwa Ujerumani nnakoishi mahindi ni mpaka unachoka, unaendesha gari kulia mahindi kushoto mahindi, na mengi hakuna mtu atakayeyala. Yanavunwa mabichi, bua, majani, gunzi na punje zake, yanakatwakatwa, yanashindiliwa kwa trekta, yanafunikwa plastiki na matairi chakavu juu yasipate hewa, af kila siku mtambo wa baiogesi, yaani gesi ya vitu vinavyooza, unalishwa kidogo kidogo. Gesi inazungusha jenereta, umeme unaingia gridi, joto lake linapasha nyumba za watu, makapi yanarudi shambani kama mbolea. Ngano na shayiri nazo zinaingia humohumo. Mama yangu Muheza nilivyomsimulia alisema astaghfirullah tu, akabadilisha mada.

Sasa kwenye grupu letu la ukoo binamu yangu kaona video ya hiyo mitambo, anasema na sisi Handeni tulime mahindi ya nishati. Binamu, hawa jamaa walianza kwa kubebwa na sheria! Sheria ya 2000 ilimhakikishia mwenye mtambo bei ya umeme kwa miaka 20, 2004 wakaongeza bonasi kwa anayetumia mazao yaliyolimwa makusudi, basi kila mkulima akataka mtambo, sasa ipo zaidi ya elfu 9. Bei ya kukodi mashamba ikapanda, wafuga ng'ombe wakalalamika, mpaka 2012 wenyewe wakaweka kikomo kwamba mitambo mipya mahindi yasizidi asilimia 60. Na hii ni nchi ina ngano mpaka ya kuuza nje, sio Handeni ambako mvua ikigoma msimu mmoja tu watu wanahesabu debe.

Mi sipingi baiogesi, wallahi. Ila kwetu malighafi ipo tayari inaoza. Jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kinachobaki ni maji na makapi yanayotoka korona (kiwanda cha kukamua nyuzi), yanarundikwa yananuka. Na sio ndoto, pale Hale, Korogwe, mtambo wa umeme wa makapi ya mkonge ulishajengwa miaka ya 2000 na dunia ikaja kuushangaa. Uzuri wake makapi yanatoka sehemu moja, husafirishi kitu. Magunzi na pumba za mpunga sawa, lakini ukikomba na mabua yote shambani ng'ombe atakula nini na udongo utapata nini?

Halafu shida ya mama sio umeme wa gridi, ni gunia la mkaa. Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, kwahiyo ningekuwa mimi hiyo gesi ya mkonge ingeanza na majiko ya kambi za wakata mkonge wenyewe.

Alie karibu na korona ya Hale au Ngomeni atuambie makapi siku hizi wanamwaga wapi, maana binamu nimemuuliza kanijibu kwa emoji.