Urusi 1861: Wakulima Hawakukosea Hesabu

Aprili 1861, katika kijiji cha Bezdna, mkoa wa Kazan, wanajeshi waliufyatulia risasi umati wa wakulima wasio na silaha. Makumi walikufa. Anton Petrov, mkulima aliyekuwa amewasomea wenzake sheria mpya ya Tsar Alexander II ya kuwafungua watwana, yaani wakulima waliokuwa chini ya mabwana wenye ardhi, na kuwaambia kwamba uhuru kamili umeandikwa humo, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi akauawa. Tangu wakati huo wengi wamelieleza tukio hilo kuwa ni ujinga: watu wamefunguliwa utwana, nao wanaleta ghasia. Ni kweli Petrov aliyasoma maandishi visivyo. Lakini manung'uniko yaliyotapakaa vijijini mwaka ule hayakutokana na kutojua kusoma.

Serikali nayo ilikuwa na hoja. Vita vya Crimea vilikuwa vimeiacha hazina tupu. Karibu theluthi mbili ya watwana walikuwa wamewekwa rehani na mabwana zao katika benki za serikali. Kule Baltiki, kati ya 1816 na 1819, wakulima walikuwa wamepewa uhuru bila ardhi, wakabaki vibarua wa mabwana walewale. Kuwafungua watu zaidi ya milioni 20 na kuwaachia mashamba juu yake halikuwa jambo dogo, na kabaila, yaani bwana mwenye ardhi, asiyelipwa angeizuia sheria yote.

Sasa tuitazame bei ambayo mkulima alitozwa kwa ardhi hiyo, kwani hiyo ndiyo hesabu iliyowauma. Haikutokana na thamani ya shamba, bali na ada ya mwaka ambayo mkulima alimlipa bwana wake. Ada ya rubli 10 ilihesabiwa kama riba ya asilimia 6, hivyo deni likawa rubli 166 na kopeki 67. Serikali ilimlipa kabaila asilimia 80 kwa hatifungani, baada ya kukata madeni yake ya benki. Rubli 33 zilizobaki alipaswa kuzitoa mkulima mwenyewe. Fungu lile la serikali, rubli 133, alilirejesha kwa asilimia 6 kila mwaka kwa miaka 49: rubli 8 kwa mwaka, jumla 392.

Mtetezi wa serikali atasema 8 ni pungufu ya 10. Ni sawa, lakini hiyo 10 ilitoka wapi? Katika mikoa ya kaskazini yenye udongo hafifu, kama Yaroslavl na Kostroma, shamba halikuweza kuizaa. Mkulima aliipata kwa useremala, uashi na uchuuzi mijini. Kuigeuza ada hiyo kuwa bei ya ardhi kulikuwa kumuuzia mtu jasho lake mwenyewe, ingawa sheria ilitamka kwamba mwili wake haulipiwi. Katika ukanda huo, ardhi iliyokuwa na thamani ya rubli milioni 180 hivi kwa bei za soko za 1863 hadi 1872 ilitozwa milioni 342. Tena desiatina ya kwanza, yaani hekta moja na ushei, ilibebeshwa ada kubwa kuliko zilizofuata, kwa hiyo mwenye kishamba kidogo ndiye aliyelipa zaidi kwa kila kipande.

Makabaila wenyewe waliijua bei hii. Sheria ilimruhusu kabaila kulazimisha ununuzi bila ridhaa ya wakulima, kwa sharti apoteze ile asilimia 20 ambayo mkulima alipaswa kuitoa mwenyewe. Hadi 1881, katika mikoa ya Urusi yenyewe, mikataba mingi ilifungwa kwa njia hiyo. Madeni yaliwasukuma, hilo sikatai, na hatifungani ziliuzwa chini ya thamani iliyoandikwa. Hata hivyo, muuzaji anayeacha moja ya tano ili tu biashara ifungwe anajua sokoni hatapata zaidi.

Mkulima hakuwa na mlango wa kutokea. Deni lilikuwa la kijiji kizima kwa dhamana ya pamoja: mmoja akishindwa, jirani anafidia. Ndiyo maana jumuiya ya kijiji haikupenda kumpa mtu kibali cha kuhamia mjini, na malimbikizo ya deni yakaangukia hata kaya zenye bidii. Polisi walipokuja kudai, walichukua ng'ombe, yaani samadi na nguvu ya kulima ya mwaka uliofuata.

Serikali ilipunguza malipo mwaka 1881, na dhamana ya pamoja ikaondolewa 1903. Deni lenyewe lilisamehewa kwa tangazo la Novemba 1905: nusu kwa mwaka 1906, kisha lote kuanzia Januari 1907. Majumba ya makabaila yalikuwa tayari yanachomwa moto.