Neno "chango" halitoshi kwenye kadi ya kliniki

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, iwe Kasulu au Urambo, utasikia neno chango mara nyingi kuliko jina la ugonjwa wowote. Tumbo la chini lilikuwa linauma kabla ya mimba? Chango. Hedhi ilikuwa inamwagika siku nane? Chango. Mimba mbili zilitoka? Chango hilo hilo. Muuguzi anaitikia, anapima presha na uzito, foleni inasogea. Kwenye RCH 4, kadi ya kliniki ya mjamzito, sehemu ya historia inabaki peupe.

Kwa maoni yangu, kumwacha mjamzito apite na neno hilo moja ni kosa lisilosameheka, maana kulirekebisha kunahitaji dakika tano na kalamu. Ndani ya chango kuna magonjwa yasiyofanana: uvimbe kwenye kizazi, maambukizi ya muda mrefu kwenye mirija, uvimbe wa maji kwenye mfuko wa mayai, mlango wa kizazi uliolegea. Kila moja linaweza kuharibu mimba kwa njia yake na kwa mwezi wake. Na huku kwetu Kigoma na Tabora, ambako mama wa kijiji cha ziwani kusini mwa Uvinza anategemea boti na wa ndani ya Kaliua anategemea barabara ambayo Januari ni tope tupu, kujua mapema ni ugonjwa gani ndiko kunakoamua ajifungulie wapi.

Maswali yawe ya kuhesabika. Ukimuuliza mama kama ana tatizo la uzazi, atasema hana. Muulize hedhi ilichukua siku ngapi, alibadilisha pedi au vitambaa vingapi kwa siku, kulikuwa na mabonge ya damu? Mimba iliyotoka ilikuwa ya miezi mingapi, na ilitoka kwa maumivu au ilichomoka kimya? Amewahi kupasuliwa tumbo kwa sababu yoyote ile? Majibu hayo yaandikwe kama alivyoyasema.

Fibroidi, yaani ule uvimbe kwenye kizazi, ndiyo inayotisha wengi na kueleweka na wachache. Wanawake wengi wenye uvimbe huu hubeba mimba na kujifungua salama. Mahali ulipokaa ni jambo kubwa kuliko ukubwa wake. Ulioota upande wa nje wa kizazi unaweza kufikia chungwa na mtoto asiguswe. Uliochomoza ndani, hata wa sentimita 2, unaweza kuzuia mimba isishike au kuitoa mapema. Uliokaa chini, karibu na mlango, unaziba njia: mtoto analala mkingamo au anatanguliza matako, kichwa hakishuki, na uchungu ukiachwa uendelee unakuwa uchungu pingamizi. Huu wa chini upimwe tena kwa utrasaundi kati ya wiki ya 32 na 36, kwa sababu sehemu ya chini ya kizazi inavyotanuka, mara nyingine uvimbe hupanda juu na njia ikafunguka.

Kuna kosa moja la tepu ya kupimia tumbo ambalo linajirudia. Baada ya wiki ya 20, kimo cha kizazi kwa sentimita, kuanzia mfupa wa kinena hadi juu, hukaribiana na idadi ya wiki, kupishana mbili hivi. Mama wa wiki 22 akipimwa zikasoma sentimita 29, rahisi ni kusema amekosea tarehe. Umri wa mimba unaongezwa wiki saba. Ikifika wakati wake kwenye karatasi, anaambiwa amepitiliza, anaanzishiwa uchungu, na anazaliwa njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa. Kumbe zile sentimita za ziada zilikuwa za uvimbe, pengine mapacha au maji mengi. Utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 inajibu mambo mawili kwa mpigo: umri halisi wa mimba, na kilichomo. Nauli ya kwenda kupima itengwe mapema, kabla kazi za tumbaku hazijameza muda na fedha.

Katikati ya mimba fibroidi inaweza kukosa damu ya kutosha na kuanza kufa kwa ndani. Maumivu huja makali, mahali pamoja ambapo mama anaweza kupaonyesha kwa kidole, na homa kidogo juu yake. Hapo wengi hutibiwa malaria au UTI, na wengine huchomwa diklofenaki. Diklofenaki na ibuprofeni si za mjamzito kujinunulia. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kupunguza maji ya mtoto, na mwishoni mwa mimba kuathiri mshipa wa moyo wake. Kupumzika, maji na parasetamo hutosha mara nyingi, baada ya daktari kuhakikisha kwamba si kidole tumbo, kondo halijaachia na uchungu haujaanza mapema.

Hatari kubwa ya fibroidi inakuja mtoto akishatoka. Kizazi chenye uvimbe huweza kushindwa kukaza vizuri, na kizazi kisichokaza kinamwaga damu. Huyu mama mara nyingi ndiye yule yule aliyepoteza damu kwenye hedhi miaka mitano, akaanza mimba na hemoglobini ya 8 wakati inatakiwa isipungue 11. Nusu lita ambayo mwenzake angeivumilia inamwangusha yeye. Basi vidonge vya madini ya chuma na foliki visikatishwe kwa sababu ya kichefuchefu. Vinywewe usiku baada ya chakula, mbali na chai. Kundi la damu lijulikane, ndugu wawili wa kuchangia wajulikane kwa majina. Na ajifungulie penye upasuaji, damu, na oksitosini iliyotunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8.

Aliyewahi kutolewa fibroidi kwa upasuaji asiondoke hospitali bila karatasi inayosema mambo matatu: uvimbe ulitolewa mingapi, ulikaa wapi, na je, kisu kiliingia mpaka chumba cha ndani cha kizazi? Kikiingia, kovu linaweza kuachia hata kabla ya uchungu kuanza, ndiyo maana hupangiwa upasuaji, kwa kawaida wiki ya 37 au 38. Karatasi ikipotea, anayempokea usiku anabahatisha. Ifungeni kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi. Na mama mkwe au wifi anayeleta dawa ya miti shamba ya kuongeza uchungu aambiwe waziwazi, kwa heshima yake, kwamba kwenye kizazi chenye kovu dawa hiyo inaweza kukipasua. Anayeileta huileta kwa upendo. Hajaambiwa tu kuhusu kovu.

Maambukizi ya mirija yana sura nyingine kabisa. Kisonono na klamidia zilizotibiwa nusunusu huacha makovu, yai lililorutubishwa linakwama njiani. Wiki ya 6 hadi ya 8, kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo, tumbo linauma upande mmoja, matone ya damu yanaonekana, halafu bega linauma na mama anazimia. Maumivu hayo ya bega hutokana na damu iliyomwagika tumboni. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Piga 115, namba ya bure ya M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, au tafuta gari lolote mwelekee penye chumba cha upasuaji.

Mimba zinazochomoka kimya, bila uchungu, kati ya mwezi wa nne na wa sita zinaelekeza kwenye mlango wa kizazi uliolegea. Mlango hushonwa wiki ya 12 hadi 14 na uzi hutolewa wiki ya 36 au 37. Mama anayeanza kliniki mwezi wa sita anakuta nafasi hiyo imeshapita.

Uvimbe wa maji kwenye mfuko wa mayai ulio chini ya sentimita 5 kwa kawaida hupotea wenyewe kabla ya mwezi wa tano. Ukijizungusha, maumivu ya ghafla na kutapika vitatangaza, na hiyo ni dharura.

Mwenye fibroidi ya chini, mwenye kovu, na aliyewahi kushonwa fistula (tundu la uzazi linalovujisha mkojo au kinyesi) wasingoje uchungu kijijini. Wasogee mjini wiki ya 36 au 37, kwa ndugu au kwenye chigonela, nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, kama hospitali inayo. Kwa wengi kituo cha afya chenye upasuaji kinatosha. Wenye kovu kubwa au kondo lililokaa chini waende hospitali ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora.

Wiki ya 6 mtoto anapopelekwa chanjo, mama naye apimwe. Fibroidi iliyokuwa sentimita 9 inaweza kuwa imesinyaa nusu au ipo vilevile, na kipimo hicho, kikiandikwa kwenye kadi ile ile, ndicho atakachokwenda nacho kwa daktari kabla ya mimba inayofuata.